Usukani wa Kushoto

Watu wa hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, wakisimulia msiba wangu huanzia siku ya ajali. Mi nawakatalia. Mambo yaliharibika kabla ya hapo, Jumanne tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, mwaka 1996, mchana wa jua kali, siku ambayo Bwana Norbert alishuka kutoka Lilongwe amekumbatia kiti cha plastiki kama mtu aliyebeba jogoo wa zawadi.

Kilikuwa kiti kidogo cha bluu, kina mikanda na sponji ndani, cha kukalishia mtoto mchanga kwenye gari. Siku ile kila mtu alikisifu. Wanawake walikigusagusa, mmoja akauliza kama vingine vitagawiwa pamoja na maharage. Mke wangu Kaneza alikitazama, kisha akanitazama mimi, akasema kwa Kirundi, chinichini, ili wakubwa wasisikie:

"Hicho kitakaa wapi? Na Ernestine atakaa wapi?"

Ili uelewe swali lake lazima kwanza ujue lile gari.

Gari lilikuwa la Melchior, mfanyabiashara wa Bujumbura. Vita vilipotulipukia mwaka 1993 alikimbia nalo, akalipitisha Tanzania yote mpaka huku, watoto juu ya magunia na magunia juu ya watoto. Melchior alipopata bahati ya kupelekwa Kanada, gari halikuweza kupanda ndege, akaliachia shirika linaloshughulikia wagonjwa wa kambi, lenye ofisi yake City Centre, kule Lilongwe. Jina la shirika silitaji. Wenyewe wanajijua.

Injini ilikuwa nzima. Shida ilikuwa usukani. Kwetu Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva hukaa kushoto, karibu na katikati ya njia, anaona mbele. Malawi wanapita kushoto, na usukani wao uko kulia. Sasa chukua gari la kwetu ulilete kwenye barabara ya kwao: dereva anakuwa amekaa upande wa mtaro. Akikuta lori mbele yake anaona matako ya lori tu. Aliyekaa kiti cha kulia, abiria, huyo ndiye anaona njia yote. Macho yanakuwa kwa mtu asiye na usukani, na usukani kwa mtu asiye na macho.

Watu wetu waliokuja na magari ya namna hiyo wanajua dawa yake. Hawasafiri peke yao. Anayekaa kulia anaitwa macho, na kazi yake ni moja: kuchungulia na kusema ngoja, au kusema pita. Kama amelala, gari halipiti kitu, hata mkokoteni.

Dereva alikuwa Kaneza. Usicheke. Baba yake aliendesha lori la soda Bujumbura, na kwa kuwa Mungu alimpa mabinti watupu, alimfundisha mmoja wao. Perimi yake, leseni ya udereva, aliivusha mipaka ndani ya sidiria. Shirika lilitaka dereva mwanamke, maana wagonjwa wengi walikuwa wanawake wenye mimba na wenye vichanga, na kuna waume wasiotaka mke mwenye uchungu apakiwe na mwanamume mwingine. Wakamchukua Kaneza, wakamwita wa kujitolea. Kila mwezi alipewa sabuni, mafuta na unga wa kuongezea ule wa mgao. Mi nilikuwa nafyatua matofali. Niliishia darasa la tatu, kazi za kalamu sizijui.

Nella wetu alikuwa na miezi mitano. Safari ya Lilongwe inakula siku nzima, na mtoto wa umri huo huwezi kumwacha nyumbani. Sufuria unaweza kumwachia jirani. Titi humwachii. Basi Nella alikwenda na mama yake, na aliyempakata alikuwa Ernestine, mama wa Bukavu, mshonaji, mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Alikaa kulia, mtoto mapajani, shingo nje ya dirisha kama bata. Yeye ndiye alikuwa macho.

Siku moja tumbo lilinikata nikapelekwa nao, nimejikunja kiti cha nyuma. Hata maumivu hayakunizuia kucheka.

"Mama Nella, ngoja kwanza," Ernestine anasema. "Ngoja. Iko kamiyo moya inakuja, shofere yake amenenepa kama pipa."

"Unene wake sikukuuliza! Nimekuuliza kama hilo lori liko mbali!"

"Iko karibu. Haya, imepita. Nyuma yake iko mutu wa kabaza, ameweka mbuzi ku kinga, anasukuma pedali. Muache mbuzi apite, nayeye iko na safari yake. Ngoja... ngoja... sasa! Pita, pita, pita! Yezu ametangulia!"

Kaneza anakanyaga, tunalipita lori, na Ernestine anampungia mkono dereva wa lori kama bibi harusi. Kisha anageuka kwangu: "Shemeji, we ulifikiri utakufa kwa tumbo? Utakufa kwa woga."

Walikwenda hivyo miezi, na gari halikupata hata mkwaruzo.

Halafu Bwana Norbert akawaona. Alikuwa mkubwa wa usafiri wa lile shirika, mzungu mrefu, mpole wa sauti. Alisimama getini gari linaingia, akamwona mtoto mapajani kwa mtu, kiti cha mbele, bila mkanda. Akashika kichwa. Cirhuza, kijana wa Bukavu aliyesoma sana, anayevaa tai hata kwenye vumbi, ndiye alikuwa mkalimani. Akatutafsiria kwamba gari likifunga breki ghafla, mtoto ataruka atoke na kioo. Na hapo sikatai, alisema kweli. Kwao, akasema, mama anayebeba mtoto hivyo hukamatwa na polisi.

Ndipo kikaja kiti cha bluu.

Kile kiti hakikai bila mkanda wa gari. Mikanda ya nyuma Melchior aliikata njiani, Tanzania, akafungia madumu ya maji. Mkanda mzima ulibaki wa dereva na wa kulia kwake tu. Basi Nella akawekwa pale pale alipokuwa anakaa Ernestine, tena amegeuzwa, uso unatazama nyuma, ndivyo kiti kilivyotengenezwa. Na nyuma ni kwa wagonjwa na wanaowauguza, amri ikasema, mtu mwingine hapana, bima haimjui. Ernestine akashushwa. Akasimama kando ya gari, mikono kiunoni.

"Sasa njo nini hii?" akasema. "Banatoa macho banaweka mutoto? Huyu mutoto hata pua yake hajaijua!"

Watu wakacheka. Bwana Norbert naye akacheka, maana aliona watu wanacheka.

Mi nilikwenda kumwona. Ofisi yake ya hapa iko kwenye majengo ya gereza, maana kambi hii zamani ilikuwa gereza, unaingia ukiwa umeinama hata kama mlango ni mrefu. Nilivua kofia. Nikamwambia Cirhuza:

"Mwambie shefu hivi. Kiti ni kizuri, Mungu ambariki. Lakini kiti kimekaa mahali pa macho. Mtoto hawezi kumwambia mama yake kwamba kuna lori linakuja. Atafute mikanda, aifunge nyuma, kiti kikae nyuma, Ernestine arudi mbele. Hayo tu."

Cirhuza akasema kwa Kiingereza maneno mafupi, kama mtu aliyeng'ata muwa mara moja akatema. Bwana Norbert akatabasamu, akaniwekea mkono begani, akaongea kirefu.

"Anasema nini?"

"Anasema amefurahi kwamba umeshukuru."

"Mi sikushukuru!"

"Baba Nella, we ulianza na kiti ni kizuri, Mungu ambariki. Wakubwa wakishasikia pale, masikio yanafunga."

"Na macho je?"

"Nimemwambia. Anasema gari ya namna hii njo anayo kwao, anaijua. Ameitembeza yeye mwenyewe kutoka City Centre mpaka Area 18, haikumusumbua. Mama aende polepole, atumie vioo."

"Vioo vinaonyesha nyuma, Cirhuza! Kinachoua kinatoka mbele!"

"Punguza sauti, bana. Mi ni mukalimani tu."

City Centre mpaka Area 18! Barabara pana ya mjini, imenyooka, bustani huku na huku. Mtu anajaribu gari pale halafu anasema amelijua. Na kwao magari yanapita kulia kama kwetu. Kiti kile kilifikiriwa huko, kwa ajili ya mama wa huko, aliyekaa kushoto na njia yake inaonekana. Hakuna aliyekifikiria kwa ajili ya barabara yetu hii ya Dowa, yenye vilima na malori.

Jioni Kaneza alikuwa anasonga nsima, ugali wa huku, Nella mgongoni. Nikamwambia aache kazi.

"Halafu tule kiti?" akasema. Kisha akalainika. "Sitapita kitu, Baba Nella. Nitakaa nyuma ya malori mpaka Lilongwe. Wakiniita kobe, nitakuwa kobe."

Akawa kobe kweli. Msimu ule malori ya tumbaku na ya magogo yalikuwa yanatambaa barabarani, yanapanda vilima kwa mwendo wa mazishi, na mke wangu nyuma yao, anakula moshi. Akawa anafika hospitali madaktari wameshazunguka wodi, wagonjwa wanaambiwa waje siku nyingine. Mama mmoja alirudishwa hivyo mara mbili na mguu wake unaonuka. Malalamiko yakapanda mpaka ofisini, na Bwana Norbert akamwita.

"Anauliza kwa nini siku hizi unachelewa," Cirhuza akatafsiri.

"Kwa sababu siwezi kupita malori."

"Anasema ujitahidi."

Kaneza aliniletea neno hilo nyumbani kama mtu aliyeletewa mgao usio na chumvi. Jitahidi. Unajitahidije kuona kitu kilicho upande wa pili wa lori? Ungekuwa na shingo ya twiga ungejitahidi.

Nella alikipenda kiti. Hilo nalo linaniuma. Kila asubuhi mama yake akimfunga mikanda alirusha miguu na kucheka, na mi nasimama pale kama mgomba, natazama, gari linatoka getini na mke wangu peke yake mbele, maana mtoto si mtu wa kuhesabiwa kwenye kazi ya macho.

Mwezi wa nne, mvua zinakaribia kuisha, nilikuwa kwenye shimo la udongo, matope mpaka magotini. Mlinzi wa zahanati akaja kwangu anatembea. Mwenye habari njema hukimbia. Huyu alitembea, akasimama ukingoni.

"Baba Nella, gari limepata ajali."

"Na watu?"

"Wako hospitali."

"Wote?"

"Wako hospitali, Baba Nella."

Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila ruhusa. Nilikwenda kwenye ofisi ya ruhusa na matope yangu yote. Mwenye kutia sahihi alikuwa Dowa, mkutanoni. Karani akaniambia kwa Kichewa, kwa adabu kabisa, "Dikirani, bambo," yaani nisubiri. Nikasubiri. Nikamwambia kwa mikono, gari, mke, mtoto. "Dikirani, bambo." Alikuwa na chai yake. Mwisho nikatoka tu, nikapita kwenye mashamba ya mahindi mpaka barabarani, nikadandia pikapu moja lililobeba nyanya, moja ya zile wanazoita matola, zinazookota abiria njiani.

Ndiyo maana niliona gari letu kabla ya kuambiwa. Kwenye kilima kimoja pikapu likapunguza mwendo, kama madereva wote wanavyopunguza ili watazame. Lori la magogo ya mikaratusi lilikuwa limeegeshwa kando, magogo yamechomoza nyuma yake, marefu. Na gari la Melchior lilikuwa limesukumwa kwenye majani. Upande wake wa kushoto haukuwepo. Upande wa kulia ulikuwa mzima, hata kioo cha mlango hakikupasuka, ila kiti cha bluu hakikuwemo. Nimekaa juu ya nyanya za watu nikajua yupi nitamkuta na yupi sitamkuta. Nilipiga paa la pikapu kwa ngumi lisimame. Dereva hakusikia, au alisikia akaona si kazi yake.

Hospitalini nilimkuta Nella wodi ya watoto, ananyonya. Mama mmoja wa Area 18, Mmalawi, mwenye mtoto wake mgonjwa kitandani, alikuwa amemsikia wangu analia kwa njaa, akampa titi lake la pili. Hakuniuliza mi ni nani. Alitazama matope yangu na uso wangu, akajua. Neno la kwao nililokuwa nalo ni moja, zikomo, yaani asante. Nikalisema, nikalirudia, mpaka likakosa ladha mdomoni. Mtoto hakuwa na hata mchubuko. Kiti cha bluu kilikuwa chini ya kitanda, kizima, kinang'aa.

Kaneza alikuwa jengo la nyuma, kwenye baridi.

Yaliyotokea nilisimuliwa na bibi Bukeyeneza, aliyekuwa kiti cha nyuma, anampeleka mke wa mwanawe mwenye uchungu uliokwama. Walilikuta lile lori chini ya kilima, likaanza kupanda mbele yao. Yule binti nyuma alikuwa anapiga mayowe, mtoto amekaa vibaya, anakufa. Kaneza akatoa gari kidogo katikati ili aone, akarudi. Akatoa tena, akarudi. Bibi alikuwa hajapanda gari maishani ila mara moja siku ya kukimbia; alijua kuomba tu, akawa anaomba. Binti akapiga yowe moja la mwisho wa nguvu. Kaneza akatoka. Basi la abiria likatokea juu ya kilima, limejaa njia. Akageuza usukani kurudi kushoto, nyuma ya lori, na magogo yakaingia kwenye kioo upande wake.

Yule binti alijifungua ndani ya gari la polisi, mtoto wa kiume, salama. Baadaye walikuja kuniuliza kama wampe jina lenye kumkumbuka mke wangu. Niliwaambia wampe jina wanalotaka wao.

Bwana Norbert alikuja mazishini. Alilia. Sisemi hakulia. Akashika mikono yangu yote miwili, na Cirhuza akatafsiri: "Anasema kiti kimeokoa mutoto. Tumushukuru Mungu kwa ajili ya kiti." Na jambo linalonikosesha usingizi ni kwamba ni kweli. Nella angekuwa mapajani, angekufa. Lakini angekuwa mapajani kwa Ernestine, na Ernestine angesema ngoja. Hayo mawili nayageuza kichwani kama mtu anayegeuza nguo anatafuta upande usiochanika.

Nilianza kuzunguka. Nilitaka kitu kimoja: mkubwa mmoja, yeyote, aseme kwamba walitoa macho kwenye lile gari na kwamba hawatarudia. Shirika likasema ajali ni ya polisi. Polisi wakasema dereva alipita mahali pasipofaa kupita, na dereva amekufa, faili limefungwa. Mkuu wa kambi akaniambia kwanza nieleze nilitoka kambini siku ile kwa ruhusa ya nani. Wakubwa wanacheza mpira na mtu kama mimi: huyu anampa pasi yule, yule anarudisha, na mpira hauna mdomo. Ernestine alikwenda nami mara ya kwanza, akapiga kelele, akatolewa nje. Tangu hapo anashona, kwa ruhusa, kwenye soko la Dowa, na gari likipita hugeuza uso.

Mwezi wa nane likaja gari jipya. Jeupe, linanuka duka bado. Watu wa mji wa kwao Bwana Norbert walichanga, wakalinunua kwao, wakalipakia melini. Nilipoliona linaingia nilichungulia dirishani kama mwizi. Usukani ulikuwa kushoto.

Nikasema labda safari hii wataona wenyewe.

Wakatangaza semina: usalama barabarani kwa akina mama vijana wanaoendesha gari na watoto wachanga. Walifunga turubai mbele ya lile jengo la gereza, wanawake wakajaa, maana ilisemekana kutakuwa na soda. Mi niliitwa rasmi, nije na Nella. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yake. Wanaume wenzangu wakanipigia mluzi.

"Mama Nella mpya! Maziwa iko?"

"Muulize mama yako," nikasema, nikapita.

Bwana Norbert alionyesha mambo kwa mayai. Akaweka yai ndani ya mkebe mtupu, akautikisa, akafungua: yai limepasuka. Wanawake wakalia kwa uchungu kweli. "Yai zima! Jamani, lingepikwa!" Akaweka lingine, amelifunga na kitambaa, akatikisa: zima. Makofi. Bibi mmoja akauliza lile zima litapewa nani.

Kisha akanyoosha mkono kwangu, na Cirhuza akasema, "Sasa baba wa mutoto aliyeokolewa na kiti atatuambia maneno mawili."

Nilisimama. Safari hii sikuanza na shukrani, hata salamu sikutoa.

"Cirhuza, muulize shefu gari hili lina usukani upande gani."

Cirhuza akanitazama. Akauliza.

"Anasema kushoto. Kama ile ya kwanza. Mumezoea, njo maana walichagua hii."

"Na hapa Malawi tunapita upande gani?"

"Kushoto."

"Na kulia atakaa nani?"

Bwana Norbert akaonyesha kile kiti cha bluu, kile kile, wamekifunga tayari pale mbele.

"Basi mwambie neno kwa neno, Cirhuza, nakuomba kwa jina la mama yako. Mke wangu alikufa kwa sababu hakuna mtu alimwambia njia ina nini. Kiti kikae nyuma. Mtu mzima mwenye macho akae kulia. Gari hili mikanda ya nyuma ipo, nimeiona."

Na nadhani Cirhuza alitafsiri yote, maana jasho lilimtoka akalegeza tai. Bwana Norbert aliacha kutabasamu. Akageuka akalitazama gari muda, kama mtu anayemwona mkwe wake kwa mara ya kwanza. Nikasema moyoni, ameona. Kisha akatazama saa. Akatazama wageni wake wa kutoka City Centre, waliokaa mstari wa mbele na makamera yao. Akasema.

"Anasema ni swali zuri," Cirhuza akatafsiri bila kunitazama. "Nyuma ni ya wagonjwa, njo utaratibu. Kubadili utaratibu lazima makao makuu bakubali. Atalipeleka. Anakushukuru."

Makofi.

Dereva mpya alikuwa Irankunda, binti wa miaka kumi na tisa, aliyejifunza usukani kwa mapadre wa Gitega. Mtoto wake, Ganza, alikuwa na miezi miwili. Wakamwita azindue gari, atoke getini, aingie barabarani, afike mpaka njia panda na kurudi, wageni wapate picha. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Wakamfunga Ganza kwenye kiti, uso nyuma, na mama yake akaenda kukaa upande wake. Nikasogea dirishani.

"Mwanangu, usikubali. Sema unataka mtu kulia. Ukisema wewe, dereva, watasikia."

"Baba Nella, nimesikia yote uliyosema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini nikikataa, kesho atakaa mwingine hapa. Bwana yangu sijui kama iko hai. We utatupatia unga?"

Nikashika mlango wa nyuma.

"Basi niingie mi nyuma. Leo tu."

Nikauvuta. Mlinzi akautoa mkono wangu polepole, bila ubaya. Watu wasio wagonjwa hapana.

Gari likaondoka. Watu wakatoka chini ya turubai, wakalifuata mpaka getini wanaimba, nami nyuma yao, Nella mgongoni anaruka kwa furaha. Nje ya geti, pale unapoingia barabarani, lilikuwepo lori la mahindi ya mgao, refu, limeegeshwa upande wetu, wanashusha magunia. Irankunda akafika nyuma yake akasimama. Lori lilifunika njia yote. Pale tuliposimama sisi hatukuona chochote kule mbele, ila turubai la lori na anga.

Makamera yalikuwa yanapiga. Wageni wakawa wanamwashiria kwa mikono, nenda, nenda. Nikaanza kukimbia kuzunguka umati ili nifike upande wa pili wa lori, watu wamebanana, wanaimba, hakuna anayepisha mwanamume mwenye mtoto mgongoni. Nikaliona gari jeupe linatoa pua kidogo katikati ya barabara. Likarudi. Likatoa pua tena.

Irankunda akatoa kichwa kwenye dirisha lake la kushoto, upande wa mtaro, akatutazama sisi sote tuliokuwa nyuma yake tunapiga makofi, akaita:

"Jamani, huko mbele iko gari inakuja?"